Kikombe cha Bwana Audax

Waliokuwapo kwenye chai ya saa nne, asubuhi ile ya Jumamosi, walikuwa hawa: Bi Rukaiya, mkataji wa vitambaa, Mzee Albano, mpiga pasi, Fredrick, mshonaji wa kaptura, Mauwa, mshonaji wa mashati na sketi, na Zuena, binti yake Mauwa, mwanafunzi wa darasa la sita, ambaye kila Jumamosi alimfuata mama yake kazini baada ya kumaliza kufua. Ilikuwapo pia redio, juu ya kabati la Bi Rukaiya, imefungwa mpira kiunoni ili betri zisidondoke. Bwana Audax, mwenye kiwanda, hakuwapo. Alikuwa ofisini kwake, mlango umerudishwa.

Kiwanda chenyewe kilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya soko, huko Temeke. Hapo awali kilikuwa mali ya ushirika. Ushirika uliposhindwa kujiendesha, Bwana Audax alikinunua pamoja na cherehani zake na wafanyakazi wake. Miaka ile nguo za mitumba zilikuwa zimejaa kila mahali, na mafundi wengi wa mitaani walikuwa wamezifunika cherehani zao kwa khanga kuukuu. Lakini sare za shule hazikuja na mitumba. Kaptura ya kaki, sketi ya buluu na shati jeupe vilikuwa bado vinashonwa na fundi, na kwa sababu hiyo kiwanda kile kidogo kiliendelea kupumua.

Watoto wa leo huenda wasijue kadi ya salamu ilikuwa kitu gani. Ilikuwa karatasi ngumu, ndogo kama kiganja, iliyouzwa madukani. Uliandika jina lako na mahali unapoishi, kisha majina ya watu unaowasalimu, na chini kabisa ujumbe. Uliitia posta, ukasubiri. Kusubiri kwenyewe kulikuwa kwa wiki nyingi, pengine miezi, maana kadi zilizofika redioni zilikuwa nyingi kuliko muda wa kuzisoma. Lakini siku mtangazaji alipolitamka jina lako, mtaa mzima ulipata habari, na hata jirani asiyekupenda alikuja kukuambia kwamba amekusikia.

Pale kiwandani mwandishi wa kadi alikuwa Zuena. Mwandiko wake ulikaa vizuri kwenye mstari, nao wakubwa walimtajia maneno huku wakinywa chai kwenye vikombe vya bati. Hata leo, akiwa mama mwenye watoto wake, Zuena akisikia kijiko kikigonga kikombe cha bati, hukumbuka harufu ya kitambaa kipya na sauti ya mtangazaji aliyekuwa akisoma majina pole pole, kana kwamba kila jina ni la ndugu yake.

Asubuhi ile ilisomwa kadi iliyowafanya wote wanyamaze. "Mzee Albano Mpiga Pasi, wa Temeke, anamsalimu Bi Rukaiya Mkataji, anamsalimu Mauwa, anamsalimu Fredrick, na wote wanaomfahamu. Ujumbe wake anasema: kola ya shati niliiunguza mimi, tusameheane."

Kola hiyo ilikuwa imezua ugomvi mkubwa. Mzee Albano alikuwa amesema kitambaa kilikatwa vibaya. Bi Rukaiya alikuwa amesema pasi ilikuwa ya moto kupita kiasi. Tangu siku hiyo walikuwa wakizungumza kwa kumtuma Fredrick, ingawa meza zao ziligusana.

Bi Rukaiya aliweka kikombe chini. "Mzee Albano, nchi nzima umeiambia, mie ninayekaa ubavuni pako usiniambie?"

"Nchi nzima haina mkasi mkononi," alijibu Mzee Albano.

Walicheka mpaka Fredrick akapaliwa na chai. Bi Rukaiya naye alicheka, akamkatia mzee kipande cha muhogo wa kuchemsha, na ugomvi ukaishia hapo.

"Sasa na huyu naye tumsalimu," alisema Bi Rukaiya, akielekeza kidevu kwenye mlango wa ofisi. "Mtu yuko peke yake humo kama mgonjwa. Kikombe chake nimeshakinunua."

"Kwao Bukoba wanajua kahawa, Bi Rukaiya," alisema Fredrick. "Chai yako atainywa kwa heshima tu."

"Ataizoea. Zuena, mwanangu, shika kalamu."

"Mbona usimwite tu?" aliuliza Mauwa. "Mlango ule pale."

"Mwite wewe, Mauwa."

Mauwa alitazama mlango, akatazama chai yake. Basi Zuena akaandika. Majina yote manne yaliwekwa kwenye kadi, na ujumbe ulikuwa huu: chai ya saa nne ipo, na kikombe chako kipo, karibu. Jumatatu Fredrick aliipeleka posta. Kikombe kipya, cheupe chenye ukingo wa buluu, kilifungwa gazeti na kuwekwa juu ya kabati, kando ya redio.

Siku chache baadaye, mwalimu mkuu wa shule moja alikuja kudai sare zake zilizochelewa. Wakati Bwana Audax akimwomba radhi ofisini, kicheko kikubwa kilipasuka kule kwenye chai. Fredrick alikuwa akimwigiza mtangazaji. Mwalimu alivaa miwani yake, akaaga. Bwana Audax alitoka ofisini. Hakupaza sauti, maana hakuwa mtu wa kupaza sauti.

"Salamu ni jambo la nyumbani," alisema. "Hapa ni kazini. Kuanzia leo kila mtu atakunywa chai penye kazi yake, na redio itakaa ofisini."

Aliibeba mwenyewe, mpira wake ukiwa bado kiunoni. Kikombe kilichokuwa kimefungwa gazeti hakukiona.

Mwanzoni kazi ilionekana kwenda vizuri. Cherehani zilinguruma kutwa nzima, na sare za mwalimu mkuu zikakamilika. Lakini kuna kitu kilichokuwa kimetoka pamoja na redio. Zamani, kati ya salamu moja na nyingine, watu walisema mambo madogo madogo: cherehani yangu inaruka uzi, mkasi umekuwa butu, bomba la choo linavuja. Wakisema hivyo, mwisho wake walimtuma Fredrick kwa niaba ya wote, na Bwana Audax akasikia. Sasa kila mtu aliinama juu ya kikombe chake mwenyewe, akakimaliza upesi, akaendelea na kazi. Mama yake Zuena, ambaye zamani alikuwa akirudi nyumbani na visa vya kusimulia mpaka wali unaiva, alianza kurudi na uchovu peke yake.

Katika kipindi hichohicho Bwana Audax alifanya mambo mawili, yote kwa nia njema. La kwanza, alinunua Kariakoo pasi kubwa ya umeme, iliyokwisha kutumika, lakini yenye kung'aa. Alimkabidhi Mzee Albano kwa furaha iliyoonekana wazi usoni, na ile pasi ya mkaa ikasukumwa chini ya meza. La pili, jora la kaki lilipoibwa kupitia mlango wa nyuma, aliutia mlango ule kufuli, na ufunguo akauweka mfukoni.

Shule zilipofungwa mwezi wa Desemba, Zuena alianza kushinda kiwandani, akisoma vitabu vyake na kumsaidia mama yake kuokota nyuzi. Meza ya Mzee Albano ilikuwa karibu na mlango wa mbele, mahali palipokuwa na tundu la umeme. Siku moja Zuena aliona cheche ndogo ya buluu ikiruka pale waya wa pasi ulipoingia ukutani. Mpira wa waya ulikuwa umechubuka, nao ulikuwa umezungushiwa kitambaa. Chini yake lilikuwa limelala rundo la matambara.

"Babu Albano, waya unawaka."

"Hauwaki, unakonyeza," alisema mzee bila kuinua macho. "Usipoutazama utaacha."

"Mbona humwambii Bwana Audax?"

Mzee Albano aliisimamisha pasi. Safari hii hakutania. "Nimwambie pasi aliyoileta mwenyewe kwa furaha ni mbovu? Mie peke yangu? Wenzangu hata hawajaona, mwanangu. Nitaonekana naikumbuka pasi yangu ya mkaa."

Lakini wenzake walikuwa wameona. Zuena alimtazama Bi Rukaiya akiyasogeza majora yake mbali na ukuta ule, kidogo leo, kidogo kesho. Alimwona Fredrick akiusukuma mlango wa nyuma kwa bega, kisha akijifanya anajinyosha. Kila mmoja alijua, na kila mmoja alidhani anajua peke yake.

Jioni, mama yake akiosha vyombo, Zuena aliuliza, "Mama, kule kiwandani pakishika moto mtatokea wapi?"

"Mlango wa mbele."

"Mlango wa mbele si ndio ulio karibu na pasi?"

Mauwa alikisugua kijiko kilichokwisha takata. "Mambo ya kazini tuachie wakubwa, Zuena. Tunakula kwa kazi ile. Januari hii na wewe unahitaji madaftari. Nikisema mie peke yangu, nitaonekana mkorofi, na wanaotafuta kazi mlangoni pale ni wengi. Usimwambie mtu. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Zuena alilala akiyawaza maneno yale, mie peke yangu, ambayo Mzee Albano naye alikuwa ameyasema vilevile. Alifikiri kuandika kadi ya salamu. Lakini kadi ingesubiri wiki nyingi, na waya usingesubiri.

Jumamosi iliyofuata, Bwana Audax alimwita ofisini. "Zuena, nasikia mwandiko wako ni mzuri. Njoo uniandikie vipimo vya kubandika kwenye mafurushi."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa hapo."

Redio ilikuwa mezani, imewekwa sauti ya chini sana, kama ya mtu anayejisikilizia kwa siri. Saa nne ilifika na kipindi cha salamu kikaanza. Zuena aliandika kimya kimya: ndogo, kubwa, kubwa zaidi. Kisha kalamu yake ikasita.

"Bi Rukaiya Mkataji, Mauwa, Mzee Albano na Fredrick, wote wa kiwanda cha sare, Temeke, wanamsalimu mwajiri wao, Bwana Audax. Ujumbe wao wanasema: chai ya saa nne ipo, na kikombe chako kipo, karibu."

Bwana Audax alinyosha mkono kuongeza sauti, lakini mtangazaji alikwisha kuhamia kwa watu wa Mbozi. Alibaki na mkono juu ya redio.

"Wewe ndiye uliyeiandika?"

"Ndiyo, mzee. Lakini maneno ni yao."

"Wameiandika wiki hii?"

"Hapana. Kabla hujaichukua redio. Kadi huchelewa."

"Na hicho kikombe, ni maneno ya redioni tu?"

"Kipo, mzee. Kimefungwa gazeti, juu ya kabati. Hakuna aliyekinywea."

Bwana Audax alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Zamani nilikuwa nikiwasikia wakibishana, nikaudhika," alisema, kama anayejisemea. "Sasa hawabishani na bado sina raha. Nikiuliza kazi inakwendaje, wananiambia nzuri, bosi. Kila siku nzuri, bosi."

Zuena alikiona akilini kinywa cha mama yake kikisema, usimwambie mtu. Alijua kwamba akisema na Bwana Audax akakasirika, atakayerudishwa nyumbani ni mama yake, si yeye. Lakini alijua pia ni nani aliyekuwa ameketi upande wa pili wa ukuta ule, kati ya pasi na mlango wenye kufuli.

"Mzee, kuna jambo. Nimekatazwa kulisema."

"Nani amekukataza?"

"Huyo sitamtaja. Jambo lenyewe nitalisema." Zuena aliiweka kalamu mezani. "Waya wa pasi unatoa cheche, pale unapoingia ukutani. Chini yake pana matambara. Pakishika moto, mlango wa mbele haupitiki, na wa nyuma una kufuli."

Bwana Audax aliinuka papo hapo. Alipotokeza chumbani, cherehani moja ilinyamaza, nyingine ikaendelea.

"Mzee Albano, pasi hii ina tatizo?"

Mzee Albano alikuwa ameufunika waya kwa kiganja. "Haina neno, bosi."

"Fredrick, umeona cheche?"

"Mie kazi yangu kaptura tu, bosi."

"Bi Rukaiya?"

Bi Rukaiya aliutazama mkasi wake. "Macho haya ya uzeeni hayafiki huko, Bwana Audax."

Bwana Audax aligeuka. Zuena alikuwa amesimama kwenye mlango wa ofisi, masikio yakimchoma. "Umesikia mwenyewe, Zuena. Wote wanasema hakuna kitu."

Ilikuwa rahisi kusema, labda nimekosea, mzee. Maneno yalikuwa tayari ulimini. Wakubwa wote watatu walimtazama kwa macho ya kumwomba ayaseme.

"Niliiona cheche, mzee," alisema Zuena.

Cherehani iliyokuwa haijanyamaza ilikuwa ya Mauwa. Sasa ikanyamaza. Mauwa alisimama, akajifunga khanga vizuri kiunoni, kama mtu anayetaka kubeba mzigo.

"Mwanangu hasemi uongo," alisema. "Cheche zipo. Mie nimeziona, na kila jioni nikifika kwangu nashukuru Mungu. Nilimkataza asiseme kwa kuogopa kazi yangu. Kama leo kuna wa kuondoka hapa, ni mie niliyejua nikanyamaza, si mtoto."

Bi Rukaiya akaushusha mkasi wake mezani. "Keti, Mauwa. Hukujua peke yako. Majora yangu nimeyahamisha kwa sababu hiyohiyo."

"Na mlango wa nyuma nimeujaribu kwa bega," alisema Fredrick. "Hautingishiki."

Mzee Albano aliufungua ule ukanda wa kitambaa, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka waya ukabaki uchi. Kitambaa cha ndani kabisa kilikuwa kimegeuka rangi ya kahawia, na harufu ya mpira ulioungua ikasambaa.

Bwana Audax alizima umeme wa pasi kwa mkono wake. Alikichukua kile kitambaa, akakinusa, akakitia mfukoni. Kisha alitembea hadi mwisho wa chumba, akafungua kufuli, akausukuma mlango. Mwanga wa uani uliingia mpaka miguuni mwa Mauwa. Aliporudi, sauti yake ilikuwa imepungua.

"Kwa nini hamkuniambia?"

Aliyejibu alikuwa Bi Rukaiya, mkubwa wao kwa umri. "Tukuambie saa ngapi, Bwana Audax? Zamani tulikaa pamoja tukasema madogo, na aliyekuwa na kubwa alipata ujasiri humohumo. Ulipotuondolea madogo, hata kubwa tulilimeza. Hilo ni kosa lako, nalisema kwa heshima. Lakini letu ni kubwa zaidi. Kila mmoja wetu alijihesabu peke yake, tukamwachia mtoto wa darasa la sita kazi ya watu wazima, kisha tukataka kumfanya mwongo." Alimgeukia Zuena. "Nisamehe, mwanangu. Umefanya vizuri. Ukiona hatari, isemwe mapema, tena kwa yule awezaye kuiondoa, hata kama unaogopa. Sie tuliogopa vilevile, tofauti ni kwamba wewe ulisema."

Zuena alikwenda kabatini, akalishusha lile gazeti, akalifungua. Kikombe kilikuwa na vumbi kidogo. Alikisuuza, akamimina chai, akamkabidhi Bwana Audax kwa mikono miwili.

Bwana Audax aliketi juu ya jora la kaki, akanywa. Wote walimtazama.

"Sema kweli, bosi," alisema Fredrick. "Umeikumbuka kahawa."

"Nikisema kweli," alijibu Bwana Audax, akisita kidogo, "sukari ni nyingi mno."

"Umeona?" alisema Bi Rukaiya. "Kumbe hata wewe unaweza kusema."

Kicheko kilichofuata kilikuwa kilekile cha zamani, na safari hii Bwana Audax alikuwa ndani yake. Kilipotulia, alisimama, kikombe kikiwa bado mkononi, akawatangazia uamuzi wake.

"Sikilizeni. Kuanzia Jumatatu redio itarudi juu ya kabati, na chai ya saa nne tutakunywa pamoja, nami nitakuwapo. Salamu zikimalizika, kila mtu atasema alichokiona, kiwe kidogo au kikubwa, na hakuna atakayefukuzwa wala kununiwa kwa kusema. Mlango wa nyuma utakuwa na komeo la ndani. Kufuli litatiwa tukishatoka wote. Pasi hii haitawashwa tena mpaka fundi wa umeme aione. Mzee Albano, itoe ile ya mkaa chini ya meza. Na sukari, Bi Rukaiya, ipunguzwe."